Nyuzi Tupu: Bernard Herrmann Aongoza Muziki Wake wa Psycho

Rekodi hii ilifanywa London tarehe 2 Oktoba 1975, na aliyesimama mbele ya okestra alikuwa mtunzi mwenyewe, Bernard Herrmann, Mmarekani wa New York aliyekuwa na umri wa miaka 64 na ambaye hakuwa amebakiwa hata na miezi mitatu ya kuishi. Okestra iliyopiga, National Philharmonic, ilikuwa kikosi cha studio: haikuwa na msimu wa maonyesho, bali iliwakusanya wapigaji mahiri kutoka okestra nyingine za jiji hilo kila ilipotokea kazi ya kurekodi. Kilichopigwa, kisha kikatolewa na kampuni ya Unicorn, ni muziki ambao Herrmann aliuandikia filamu ya Psycho ya mwongozaji Alfred Hitchcock, iliyoonyeshwa kwa mara ya kwanza mwaka 1960 bila kuambatana na santuri ya muziki wake. Nimeisikiliza rekodi hii sambamba na filamu yenyewe na pia na rekodi nyingine ya baadaye, na hukumu yangu naitoa mapema: ina kasoro moja kubwa, nayo ni mwendo mzito mno katika sehemu zinazodai kasi, lakini sijasikia nyingine inayodhihirisha kwa uwazi kama huu jinsi Herrmann alivyojua kuziandikia ala za nyuzi.

Inafaa kwanza kulieleza sharti alilojiwekea, kwa sababu uzuri wote wa kazi hii unatokana na sharti hilo. Psycho ilitengenezwa kwa fedha kidogo, takriban dola 800,000, kwa picha nyeusi na nyeupe, na kwa sehemu kubwa ilitengenezwa na mafundi wale wale waliokuwa wakifanya kipindi cha Hitchcock cha televisheni. Kwa masimulizi ya Herrmann mwenyewe, mwongozaji alikuwa amekwisha kuvunjika moyo na kazi hiyo kiasi cha kufikiria kuikata iwe kipindi cha saa moja, na mtunzi ndiye aliyemsihi asubiri kwanza asikie muziki. Muziki aliomletea haukuwa na filimbi, tarumbeta, kinanda, ngoma wala matoazi. Ulikuwa na fidla, viola (fidla kubwa kidogo yenye sauti ya chini zaidi), chelo na besi kubwa tu. Maandishi yake yanataja wapigaji 50: fidla za kwanza 14, fidla za pili 12, viola 10, chelo 8 na besi 6. Sababu aliyoitoa ni kwamba filamu isiyo na rangi alitaka kuipa sauti isiyo na rangi, na bila shaka bajeti nayo haikulalamika. Hata hivyo, mtu akikumbuka kwamba Hollywood ya wakati ule ilitarajia filamu ya mauaji ije na mlio wa tarumbeta na kishindo cha ngoma, au basi na jazi ya vilabu vya usiku, ataona kwamba huo ulikuwa uamuzi wa mtu mwenye kiburi cha kitaaluma. Alijinyima vyombo vyote ambavyo watunzi wenzake walivitegemea kutisha watu, akabaki na familia moja ya ala ambayo Hollywood ilizoea kuitumia kwa mapenzi na machozi.

Msikilizaji aliyelelewa na taarabu ya Unguja au Mombasa ana faida na pia ana kikwazo anapoikabili kazi hii. Faida yake ni kwamba sikio limekwisha kuizoea safu ya fidla, chelo na besi, kwa kuwa vikundi vikubwa vya Unguja vilifuata mfano wa okestra za Misri na kuzifanya nyuzi kuwa uti wa mgongo wa muziki wao. Kikwazo ni kwamba katika taarabu fidla huimba. Hufungua kwa bashraf, kile kipande cha ala tupu, humjibu mwimbaji kwa lazima, yaani kijibu kifupi cha ala, kila anapovuta pumzi, huupamba ule wimbo mmoja ambao wapigaji wote wanaufuata, na fundi husifiwa kwa namna anavyoutamkisha uzi hata ukakaribia kusema maneno. Herrmann anazivua fidla zake kazi hiyo karibu yote. Hakuna wimbo wa kukumbuka na kuimba njiani. Kuna vifungu vya noti mbili, tatu, nne, vinavyorudiwa, vinavyopandishwa kidogo, vinavyoshushwa kidogo, vinavyohamishwa kutoka fidla kwenda viola na kurudi, huku msikilizaji akisubiri jibu ambalo haliji. Mtunzi aliwahi kueleza kwamba alipendelea kifungu kifupi kwa sababu mtazamaji wa filamu husikiliza kwa nusu ya sikio tu, na kifungu kifupi ndicho anachoweza kukifuata. Ni maelezo ya kiufundi, tena ya unyenyekevu kupita kiasi, kwa maana hayasemi ni kwa nini vifungu vifupi vya wengine huchosha ilhali vya kwake hukaza.

Jibu, kwa kadiri ninavyosikia mimi, liko katika jinsi anavyogawa sauti. Kipande cha kwanza, Prelude, kinachosindikiza mistari ya msanifu wa michoro Saul Bass inayokimbia na kukatana wakati majina ya waigizaji na mafundi yanapoonyeshwa, kinaanza kwa mapigo makali ya mkusanyo mmoja wa noti: noti tatu za maina, yaani mkusanyo wenye sauti ya huzuni, na juu yake noti ya nne iliyo nusu-toni tu, hatua ndogo kabisa ya sauti, chini ya noti ya msingi inaporudiwa juu, kwa hiyo zinagombana daima bila mshindi. Mkusanyo wa namna hiyo hiyo alikuwa ameutumia miaka miwili kabla katika Vertigo, filamu nyingine ya Hitchcock, na wachambuzi wamefikia hatua ya kuuita kwa jina la Hitchcock. Baada ya mapigo hayo, pinde zinaanza kukwaruza kwa noti fupi fupi, na hapo ndipo ufundi unapoonekana: kundi moja linapiga katika mdundo, jingine linapiga penye upenyo kati ya midundo, hivyo kwamba okestra isiyo na ngoma hata moja inatoa msukumo wa ngoma. Katikati ya mkwaruzo huo hujitokeza, na kisha kurudi, kifungu kirefu cha fidla ambacho kinakaribia kuwa wimbo. Kinapita juu ya ghasia, hakikamiliki, kinamezwa. Katika filamu yenyewe mambo haya hupita kwa kasi kiasi kwamba mtu hupata msisimko wake bila kuona muundo wake.

Katika rekodi ya 1975 muundo unaonekana, lakini kwa gharama. Herrmann anaipiga Prelude polepole kuliko ilivyo katika filamu, na hali hii si ya kipande hicho peke yake, wala haiwezi kuelezwa kwa uzee na maradhi tu, kwa maana hata katika mkusanyiko wa muziki wa filamu za Hitchcock aliorekodi na London Philharmonic mwishoni mwa miaka ya 1960 alikuwa amekwisha kuonyesha hamu ya kuuchelewesha muziki wake mwenyewe. Maelekezo aliyoyaandika mwaka 1960 yanadai fadhaa, na fadhaa ya mtu anayetembea si sawa na ya mtu anayekimbia. Anayeijua filamu atahisi mwanzoni kwamba mashine haina nguvu ya kutosha. Nilihisi hivyo. Kisha nikaanza kusikia viola, ambazo katika filamu sikuwahi kuzisikia kamwe, zikifanya kazi yao ya katikati kwa ukaidi wa punda, na kutoka hapo nikaacha kuhesabu mapigo.

Ubora mkuu wa rekodi, hata hivyo, uko katika sehemu za kimya, na ni hapo ambapo ningependa msomaji akae zaidi, kwa sababu sifa zote za Psycho huenda kwenye mauaji ya bafuni, pale mwanamke aliyekimbia na fedha za mwajiri wake anapouawa kwa kisu, na huku nyuma zinaachwa kazi nzuri kuliko hiyo. Karibu muziki wote wa filamu hii umeandikwa upigwe na sordini, yaani kile kidude kidogo kinachobanwa juu ya daraja la ala ili mtikisiko wa nyuzi usifike wote kwenye mwili wake. Sauti inayotoka hupungua nguvu, lakini jambo la maana zaidi ni kwamba hubadilika tabia: inapoteza mng'aro, inakuwa kavu na ya mbali. Watunzi wengi huitumia sordini kwa muda mfupi, kwa sehemu ya huzuni au ya ndoto, kisha huiondoa. Herrmann aliiacha ikae tangu mwanzo, hata katika Prelude yenye makeke, na matokeo yake ni okestra inayohangaika kwa nguvu zote bila kufikia ukubwa wa sauti unaolingana na juhudi hizo. Mtazamaji hajui kinachomsumbua. Anasikia watu 50 wakipiga kwa bidii na bado kuna kitu kimebanwa.

Sikiliza The City, kipande kinachokuja mara baada ya Prelude wakati kamera inapopita juu ya mapaa ya Phoenix, Arizona, siku ya Ijumaa mchana. Ni mikusanyo ya noti inayoshuka taratibu, kila mmoja ukiwa umelegea kidogo kuliko uliotangulia, na katika rekodi hii mwendo wa polepole wa Herrmann unakuwa sawasawa kabisa. Fidla hazitetemi kwa mapenzi, ingawa tunakaribia kuingia chumba cha hoteli alimo Marion Crane, mwanamke huyo, na mpenzi wake. Zinashuka tu, kwa uchovu wa watu wasio na fedha za kuoana. Au sikiliza Temptation, ambapo Marion, aliyeigizwa na Janet Leigh, anafungasha nguo zake huku bahasha yenye dola 40,000 za mwajiri wake ikiwa kitandani. Hakuna anayesema neno. Muziki unazungusha noti zile zile chache, tena na tena, katika sauti za katikati na za chini, na kila kamera inapoirudia ile bahasha tunajua kwamba uamuzi umekwisha kufanyika kabla ya mwanamke mwenyewe kujua. Mtunzi mwingine angeweka hapo noti moja ya kushtua pale bahasha inapoonekana. Herrmann hakushtua mtu. Aliendelea kuzungusha, na kwa kufanya hivyo alituingiza ndani ya kichwa cha mtu anayejadiliana na nafsi yake.

Safari ya Marion kwa gari ni mfano mwingine. Picha hazina cha kutisha: ni uso wa mwanamke nyuma ya usukani, barabara, askari wa barabarani, mvua. Ni muziki wa Prelude uliorudi ndio unaotuambia kwamba safari hii haitaishia pema, na Herrmann alipenda kulitaja jambo hili alipotaka kueleza kazi ya muziki katika filamu, kwamba bila huo mwanamke yule angeweza kuwa anakwenda sokoni. Katika rekodi, vipande vya safari hii, hasa The Rainstorm, ndivyo vinavyoumizwa zaidi na uzito wa mwendo. Mvua inanyesha, lakini haimwagiki.

Sasa tuje bafuni. Inajulikana kwamba Hitchcock alitaka tukio hilo liwe bila muziki, maji na kelele tupu, na kwamba Herrmann aliliandikia muziki bila idhini, akamsikilizisha baada ya mwongozaji kutoridhika na toleo la kimya, na mwongozaji akabadili shauri. Ni Hitchcock huyo huyo aliyenukuliwa baadaye akisema kwamba asilimia 33 ya athari ya Psycho ilitokana na muziki. Kinachotajwa mara chache ni kwamba hapo ndipo sordini zinapoondolewa. Kwa zaidi ya dakika 45 sikio limezoeshwa sauti iliyofunikwa, na ghafla, bila matayarisho, kifuniko kinatoka. Fidla za kwanza zinaingia juu kabisa, karibu na mwisho wa ubao wa kubonyezea nyuzi, kisha kundi jingine linaongezwa chini yao, na jingine, kila moja likileta noti inayogongana na iliyotangulia, hadi rundo zima linalia pamoja kwa mapigo yanayofanana na yasiyo na huruma. Kisha duru inarudiwa, mara hii kila pigo likitanguliwa na mtelezo wa kidole juu ya uzi, na huo mtelezo ndio unaoleta ule ukelele ambao wengi wamedhani ni wa mitambo, au wa ndege, au wa mwanamke. Ni mkono, upinde na uzi, basi. Mauaji yanapokwisha, chelo na besi zinachukua nafasi kwa noti nzito zinazoachwa mbali mbali, na fidla haziitwi tena.

Ukiitenga sehemu hiyo na kuipiga peke yake, kama ilivyofanyiwa mzaha katika vichekesho na matangazo yasiyo na idadi, unapata kelele maarufu. Ukiisikiliza mahali pake katika rekodi nzima, unaelewa kwamba kipaji chake hakiko katika ukelele bali katika subira iliyoutangulia. Mtunzi aliwanyima wapigaji wake robo tatu ya sauti yao ili awe na kitu cha kutumia kwa muda mfupi usiofikia dakika mbili. Katika rekodi ya 1975 mapigo haya nayo ni ya polepole, na hapa, kinyume na Prelude, sikuona hasara. Yanakuwa mazito na ya makusudi, na hilo linatisha kwa namna yake.

Nusu ya pili ya rekodi ina utelezi. Vipande ni vifupi sana, vingine havifiki dakika moja, na viliandikwa vijaze tukio la mtu anayepanda ngazi, anayefungua mlango, anayeangalia kabati. Muziki wa kisu unarudi mpelelezi anapouawa juu ya ngazi, na unarudi tena kule chini kwenye ghala, na kwa mtu asiyeona picha, mara ya tatu si sawa na ya kwanza. Herrmann alikusudia kuiweka kazi yote kwa mpangilio wake, na mwanafunzi wa muziki atamshukuru, lakini msikilizaji wa kawaida anaweza kupumzika baada ya kipande cha The Water na asipoteze mengi. Lakini vipande viwili vya rekodi hii havifai kukoswa, kimoja cha kabla ya mauaji na kingine cha mwisho. The Madhouse, kinachoingia pale Norman Bates, mwenye moteli alikofikia Marion, anapoinama mbele na sauti yake kubadilika kwa sababu mgeni amependekeza mama yake apelekwe mahali pa kutunzwa, kimejengwa juu ya noti tatu ambazo mtunzi alizitoa katika kazi yake ya ujana, Sinfonietta ya ala za nyuzi ya mwaka 1935. Alikuwa amezihifadhi kwa robo ya karne. Noti hizo hizo ndizo alizozirudisha mwishoni kabisa mwa filamu ya Taxi Driver, kazi yake ya mwisho, aliyomaliza kuirekodi saa chache kabla ya kufariki usiku wa kuamkia tarehe 24 Desemba 1975. Cha pili ni Finale, kinachozitandaza noti hizo juu ya uso wa Norman na kuishia kwa mgongano wa sauti ambao haufumbuliwi. Wapigaji wa London wanaushikilia mgongano huo kwa muda mrefu kuliko ilivyo katika filamu, na ni haki yao.

Anayetaka kasi ya filamu atafute rekodi ya mwaka 1997 iliyoongozwa na Joel McNeely kwa Royal Scottish National Orchestra, chini ya nembo ya Varèse Sarabande. Sauti yake ni safi zaidi, Prelude inakimbia inavyopaswa, na vipande vya safari ya gari vinarejewa na hofu yake. Ni kazi ya heshima, na kama ningeulizwa na mtu anayeanza, asiye na subira, ningempa hiyo. Lakini ina mwangwi wa ukumbi ambao muziki huu hauuhitaji. Katika filamu, sauti ya nyuzi iko karibu na uso wako, unasikia nywele za upinde zikikamata uzi. Mwangwi huzifunika kingo hizo na kuifanya okestra iwe nzuri. Psycho haikukusudiwa iwe nzuri. Rekodi ya Herrmann, ingawa ni ya zamani, iko karibu zaidi na ukavu huo, na mizani ya sauti inaonyesha kwamba aliyekuwa akiongoza alijua kila mstari umewekwa kwa sababu gani. Besi sita, ambazo katika rekodi nyingi huwa ni mnong'ono wa chini, hapa zina sura.

Ujuzi huo haukutoka hewani. Tofauti na desturi ya Hollywood, ambako mtunzi aliandika mistari michache na kumwachia mtu mwingine azigawie ala, Herrmann aligawa mwenyewe kila noti, na aliwaona wasiofanya hivyo kuwa nusu ya watunzi. Alikuwa amepitia miaka mingi katika redio ya CBS, ambako aliongoza okestra na kuandika haraka, na huko alijifunza kwamba ala chache zilizochaguliwa vizuri zinapita kwenye kipaza sauti kuliko okestra nzima iliyochanganywa ovyo. Kwa hiyo hakuwa mpenzi wa nyuzi kwa mazoea. Mwaka mmoja tu kabla ya Psycho aliandika muziki wa Journey to the Center of the Earth bila fidla hata moja, na mwaka 1966, katika kazi iliyomgombanisha na Hitchcock moja kwa moja, Torn Curtain, aliita pembe 16 na filimbi 12 akabakiza chelo na besi tu katika familia ya nyuzi. Mwaka huo huo mwongozaji Mfaransa François Truffaut alimpa filamu ya Fahrenheit 451, naye akaiandikia nyuzi, vinubi na ala za kugonga za aina ya marimba, zote zikimeremeta. Huyu ni mtu aliyezijua nyuzi vya kutosha kujua ni lini aziache. Athari yake ilifika hata kwa wasioangalia filamu: George Martin, mtayarishaji wa muziki aliyepanga fidla nne, viola mbili na chelo mbili za Eleanor Rigby ya The Beatles mwaka 1966, alikiri kwamba nyuzi zake zile za kukata kata zilitokana na Herrmann.

Neno la mwisho ni kuhusu namna ya kusikiliza, kwa sababu rekodi hii inaweza kuharibiwa kwa urahisi. Spika ya simu huondoa besi na chelo, na zikiondoka hizo kinachosalia ni fidla zinazolalama juu ya utupu. Mtu atasema ni kelele na atakuwa na haki. Tumia vipokea sauti vya masikioni vilivyo bora, au spika mbili zilizotenganishwa, na uanzie The City badala ya Prelude, usikilize hadi The Parlor, ndipo urudi mwanzo. Ukifika The Murder, usiongeze sauti. Mwanafunzi wa fidla au mtunzi anayepanga ala za kikundi chake cha taarabu au kwaya atapata hapa darasa la jinsi ya kubadili hali ya moyo bila kuongeza chombo kipya. Anayetafuta fidla zinazoimba, na hakuna aibu katika kuzitafuta, asinunue rekodi hii. Mtunzi huyu huyu alimwandikia kitu chake katika Vertigo, kipande kiitwacho Scène d'amour, ambamo nyuzi zinaachiwa zipande kwa dakika kadhaa bila neno la mwigizaji, na huko atashiba.